Kipima ulevi cha 210,000: kinafaa, ila hakimpulizishi asiyetaka

Nianze na bei maana ndiyo mtakayouliza. Kile kidogo cha kuning'iniza kwenye funguo nilikipata Makoroboi, hapa Mwanza mjini, kwa shilingi 40,000, baada ya kuvutana na kijana aliyeanzia 60,000. Kikubwa, ambacho ndicho ninachokitumia leo, nilikiagiza kwa mtu anayeleta mizigo kutoka China, kikanifikia kwa 210,000 pamoja na mirija 25 ya kupulizia. Kidogo msinunue. Kikubwa nunueni, lakini msilipe kabla ya kusoma habari ya dereva wangu mkuu, kwa sababu muuzaji hatawaambia.

Mimi ni mama wa dagaa. Niko Mwaloni, Kirumba, mwaka wa 17 huu. Nina Fuso mbili na Kenta moja. Fuso zinapeleka Kahama na Tabora, moja wakati mwingine inapanda hadi Sirari. Kenta inazungukia Sengerema na Geita. Dagaa hawasubiri. Wakikauka leo, usiku wanapakiwa, na gari linatakiwa liwe nje ya mji kabla ya jua. Kwa hiyo madereva wangu wanaingia kazini saa ambayo wenzao ndiyo kwanza wanatoka baa, na kuna siku wote wanatoka baa hiyo hiyo.

Mwezi wa pili Fuso moja iliingia mtaroni Usagara, saa kumi na moja alfajiri, magunia 90 yakalala kwenye matope. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Dereva akasema ni mbuzi. Nimemiliki magari miaka 11 na sijawahi kupata ajali ambayo haikusababishwa na mbuzi. Lakini nilipofungua mlango wa kebini nilipokelewa na harufu ambayo mbuzi hana. Dereva huyo tuliachana. Nikabaki najiuliza, hawa wawili waliobaki na huyo mpya nitakayemchukua, nitawajuaje saa kumi usiku, gizani, mwalo mzima unanuka samaki?

Zamani ilikuwa rahisi kujua. Enzi za viroba, zile pakiti ndogo za pombe kali, ulikuta maganda yake mlangoni mwa gari, yamekunjwa vizuri kama risiti. Vikapigwa marufuku Machi 2017. Halafu ilikuwepo Kigongo. Foleni ya kivuko ikikaa masaa matatu, dereva afanye nini? Anashuka, vibanda vipo, sangara wa kuchoma yupo, na cha kumshushia sangara kipo. Tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe Juni 2025, Kenta inakatiza kilomita tatu za maji kabla wimbo haujaisha redioni, na sababu ya kushuka haipo tena. Nalipenda lile daraja kwa hilo kuliko kwa yale yaliyosemwa kwenye hotuba.

Sasa vifaa. Kile kidogo nilikijaribu wiki mbili nikakitupa kwenye droo. Sensa yake ni ya bei rahisi, aina ya semikondakta, nayo haijui pombe ni nini hasa. Inashtuka kwa chochote chenye mvuke. Utingo wangu aliyetoka kuvuta sigara kilimpa 0.04. Fundi wangu wa matairi, ambaye ni mwadhini wa msikiti na hajaonja pombe tangu azaliwe, kilimpa 0.05 kwa sababu alikuwa amejipulizia marashi ya Ijumaa. Alicheka, lakini si sana.

Kikubwa ni kitu kingine. Ni kama rimoti ya king'amuzi, kizito kidogo mkononi, kinatumia betri mbili ndogo. Unabonyeza, kinahesabu kutoka kumi kushuka, kinalia, unachomeka mrija wako na kupuliza mfululizo kama sekunde tano hadi kilie tena. Ndani yake pombe iliyomo kwenye pumzi inaunguzwa kikemikali na kutoa umeme mdogo. Pombe ikizidi na umeme unazidi. Sigara haikishtui, na kwa sisi wa huku habari njema kuliko zote: dagaa hawakishtui. Mtu akipuliza kwa kubania mashavu, kinalia vibaya na kumtaka arudie. Hilo nililipenda mno. Kila dereva wangu alijaribu kubania mara ya kwanza, kila mmoja akidhani ni uvumbuzi wake.

Kasoro ya kwanza ilinigharimu asubuhi nzima. Pembeni kuna kitufe kidogo cha kubadilisha kipimo, na kitabu chake cha maelezo kimeandikwa kwa Kiingereza cha kubahatisha. Siku moja kijana wa Kenta akapuliza, skrini ikaandika 0.38. Utingo wake, ambaye ni msomi wa kila kitu, akasema, "Mama, kikomo si 0.8? Huyu hajafika hata nusu." Nikaruhusu gari liondoke. Lilipofika Buzuruga ndipo macho yangu yalipoona herufi ndogo chini ya namba: ilikuwa miligramu kwa lita ya pumzi. Nikapiga simu, nikalisimamisha pale pale.

Elewaneni na hizi namba kabla hamjanunua. Kikomo cha sheria yetu ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Kifaa kikiwa kwenye asilimia, hiyo ni 0.08. Kikiwa kwenye kipimo cha kwa elfu, hiyo hiyo ni 0.8. Kikiwa kwenye miligramu kwa lita ya pumzi, ni kama 0.38. Namba tatu, mlevi mmoja. Kijana wangu alikuwa amekaa juu ya mstari wenyewe na sisi tunampongeza. Tangu siku hiyo nimekiweka kwenye asilimia, nikabandika selotepu juu ya kitufe, nikaandika kwa kalamu ya bluu USIGUSE.

Kasoro ya pili ni uhakiki. Mizani yangu ya dagaa inapigwa muhuri na Wakala wa Vipimo kila mwaka, na mteja ana haki ya kuangalia muhuri. Kifaa hiki kinataka kurekebishwa kila baada ya miezi sita hadi 12, maana sensa inachoka na kuanza kudanganya taratibu. Aliyeniuzia nilipomuuliza nani atafanya hiyo kazi hapa Mwanza, alinitazama kama nimemuuliza bei ya mwezi. Mpaka leo nakipima kwa njia yangu: mimi mwenyewe, sijanywa, kinatakiwa kiseme 0.00. Kikisema tofauti siku tatu mfululizo, nitakirudisha China kwa gharama yangu.

Na kuna jambo la kinywa. Siku ya kwanza ya kukizindua niliwakusanya wote mwaloni, nikasema nitaanza mimi ili wasione ninawadharau. Nikapuliza. 0.11! Mwalo mzima ulicheka, na wale mama wa kuanika dagaa bado wananiuliza kama nimeshalevuka. Kumbe nilikuwa nimesukutua kwa dawa ya kinywa kabla ya kutoka nyumbani, na zile dawa nyingi zina kileo. Baada ya dakika 15 na kikombe cha maji nikapuliza tena: 0.00. Ndiyo kanuni, mtu akitoka kunywa au kusukutua chochote, subirini robo saa nzima, maana kabla ya hapo kifaa kinapima mdomo, hakipimi damu. Baadaye dereva mmoja alikuja na hoja kwamba amekunywa togwa. Tukasubiri robo saa. Togwa ile ikabaki 0.06. Nikamwambia hiyo togwa ina umri wa kuoa.

Kitu kilichonifungua macho zaidi ni hesabu ya usiku. Mwili unaondoa kilevi polepole, kwa wastani kama 0.015 kwa saa. Dereva aliyefika 0.15 saa sita ya usiku, saa kumi alfajiri ninapompa funguo bado ana 0.09. Amelala, ameoga, amekunywa supu ya sato yenye pilipili ya kumtoa machozi, anajiona mzima kabisa, na bado kisheria ni mlevi. Supu haipunguzi. Kahawa haipunguzi. Nilikuwa nawalaumu wanaokunywa njiani, kumbe tatizo langu lilikuwa waliolala.

Sasa nifike kwa aliyekataa.

Dereva wangu mkuu ni mzee wa miaka 58, Msukuma wa Magu, ananiendeshea mwaka wa tisa. Ananiita mayu, yaani mama, namwita mzee, na heshima iko pande zote mbili. Wiki ya tatu, saa kumi kasoro, Fuso imeshapakiwa, turubai limefungwa, nikamletea kifaa na mrija mpya. Akakitazama, akakunja mikono.

"Mayu, mimi sipulizi."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema kifua kinambana. Nikasema tusubiri kitulie. Akanyamaza kidogo, kisha akasema lile lililokuwa moyoni: "Nimekuendeshea miaka tisa. Leo unanipima kama mwizi mbele ya utingo?" Na alipoona simjibu, akaongeza la tatu, ambalo ndilo lililonipeleka kwa wakili: "Na hata trafiki, usipopuliza, hana ushahidi. Kule Kisumu mahakama ilishasema hiyo mashine ni batili."

Nilimnyima funguo. Fuso ilitoka saa tatu asubuhi na dereva wa kukodi niliyemtoa Igoma, nikamlipa mara mbili, dagaa wakafika Kahama soko limeshapoa. Mzee akaenda nyumbani, na jioni akanitumia ujumbe kwamba nikimfukuza atanipeleka Tume, ile ya migogoro ya kazi. Mnaona? Kifaa cha 210,000, hakuna kitufe hata kimoja juu yake kinachojibu hali hiyo.

Kwa hiyo hapa naweka na tathmini ya huduma ya pili: wakili. Ofisi ndogo ghorofa ya kwanza, binti wa umri wa mwanangu wa tatu, shilingi 50,000 kwa saa moja, na hakunihesabia dakika alizotumia kunywa chai. Nyota tano. Nilienda na maswali mawili, nikarudi nimegundua kwamba nilikuwa nayachanganya.

Swali la kwanza: ni kweli dereva akikataa kupuliza kwa trafiki anapona?

"Mama, hapana," akasema, akalitoa kabrasha. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ile ya mwaka 1973, inampa askari aliyevaa sare mamlaka ya kumtaka dereva atoe pumzi ipimwe, akiwa na sababu ya msingi ya kushuku kwamba ana kilevi mwilini. Asiyetoa bila sababu ya maana ametenda kosa kwa kule kukataa kwenyewe. Haijalishi kama alikuwa amekunywa ndoo au maji. Nikasema narudia ili nielewe: mtu hajanywa kabisa, amekataa kwa kiburi tu, ana kosa? Akasema ana kosa. Kifua kikiwa kinabana kweli, hiyo inaweza kuwa sababu, lakini utaitetea kwa cheti cha daktari, kwa kukohoa mbele ya askari hutaitetea.

Halafu akanionyesha mlango wa nyuma ambao madereva hawaujui. Kuna kosa la kuzidisha kikomo, ambalo linahitaji namba. Na kuna kosa jingine, la zamani kuliko vifaa hivi, la kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Hilo halihitaji namba. Askari anasimama kizimbani anasema: gari lilikuwa linayumba, macho mekundu, harufu ya pombe, aliposhuka alishika mlango asianguke. Shahidi wa pili anasema hivyo hivyo. Hakimu ana masikio. Kwa hiyo anayekataa kupuliza akidhani ameficha ushahidi, amebaki na ule ushahidi mwingine wote, akajiongezea na kosa jipya juu yake. Na pale barabarani safari haiishii hapo; inahamia kituoni, na suala linakuwa damu au mkojo.

Nikamwuliza hiyo ya Kisumu. Akacheka, akasema hiyo anaisikia kila mwezi, imevuka ziwa kama gugu maji. Kenya walianza kutumia kipimo chao, wananchi wakakiita Alcoblow, Desemba 2013. Watu wakaenda mahakamani, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ya kule ikazibatilisha kanuni zilizokuwa zinatumika kupima. Kanuni, si kosa. Kuendesha gari umelewa kulibaki kosa kwenye sheria yao mama, na wapimaji wakarudi barabarani. Na hata ingekuwa kama madereva wanavyosema, hukumu ya Nairobi haimsaidii mtu aliyesimamishwa Kisesa. Upande wa Uganda nako ni hivyo hivyo, polisi wana kawunyemu, upimaji wao wa pumzi, na jina lenyewe tu, la kunusa, linakuambia hawana utani.

Nitoke kidogo nje ya ziwa, maana jambo hili lilinikaa kichwani hadi nikampigia mtoto wa kaka yangu aliyeko Texas, Marekani, anayeendesha malori makubwa yale ya magurudumu 18. Nilidhani huko kwa watu wa haki za binadamu mtu akikataa wanamwacha. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba, upepo wa barabara unavuma nyuma yake. "Shangazi, huku ukikataa unalia."

Anasema sheria ya kule inahesabu kwamba kwa kuendesha tu barabarani umekwisha kuridhia kupimwa pindi ukikamatwa kwa tuhuma za ulevi. Ukikataa, leseni inasimamishwa siku 180 kwa mara ya kwanza, na hiyo ni hatua ya kiutawala, haingoji kesi ya ulevi iishe. Una siku 15 tu za kuomba usikilizwe, zikipita, imepita. Kukataa kwako kunaweza kusomwa mahakamani dhidi yako. Na polisi anaweza kumwamsha hakimu usiku, akapata hati, damu ikachukuliwa utake usitake. Akaniambia mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Marekani ilitenganisha mambo mawili: pumzi ya mtu aliyekamatwa inaweza kupimwa bila hati, lakini damu, kwa sababu inamtoboa mtu ngozi, kwa kawaida inahitaji hati ya hakimu. Nikaona hapo wana busara. Pumzi unaitoa hata hivyo. Damu ni yako.

Lakini lililonigusa kama tajiri wa magari ni la malori. Dereva wa lori kule kikomo chake ni 0.04, nusu ya watu wengine. Na akikataa kupimwa, leseni yake ya biashara inafungwa mwaka mzima, hata kama siku hiyo alikuwa kwenye kigari chake mwenyewe anatoka harusini. Akirudia, maisha yote. Mtoto wa kaka yangu alikaa chumba kimoja na jamaa aliyekataa mara moja. Mwaka huo jamaa aliosha vyombo hotelini, na lori lake likauzwa na benki.

Nirudi kwa wakili na swali la pili, ambalo ndilo lililonifedhehesha. Nilimwambia, basi na mimi mzee wangu amekataa, naye ana kosa. Akatikisa kichwa. "Mama, wewe si askari mwenye sare."

Kukataa kupuliza kwa mwajiri si jinai. Kifaa changu si ushahidi wa polisi, na mwalo si kituo. Ninachoweza ni kutompa funguo, maana gari ni langu. Lakini nikimfukuza kazi kwa sababu hiyo tu, swali la Tume ya Usuluhishi na Uamuzi litakuwa: kulikuwa na kanuni hiyo kazini? Aliijua? Alipewa nafasi ya kujieleza? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki, vyote viwili, na aliyeachishwa ana siku 30 za kulalamika. Mimi nilikuwa sina kanuni yoyote. Nilikuwa na kifaa, hasira, na magunia 90 kichwani. Angenipeleka Tume, angenishinda na chenji.

Akaniandikia nyongeza ya mkataba, ukurasa mmoja, Kiswahili cha kueleweka. Kwa nusu saa ya ziada akachukua 30,000. Inasema dereva atapima kabla ya kila safari. Kipimo cha kazini ni 0.00, si 0.08, kikionyesha chochote anasubiri robo saa na kurudia, akikataa, siku hiyo haendeshi na halipwi posho ya safari, akikataa mara ya pili anaitwa kwa barua ajieleze mbele ya mtu anayemchagua mwenyewe. Na kuna mstari kwamba anayeumwa kifua alete cheti, nami nitalipia hospitali. Nikasoma na bima yangu usiku ule, kitu ambacho sikuwahi kufanya tangu nianze kuilipia. Kipengele cha dereva aliyelewa kimo, herufi ndogo, ukurasa wa nne: hawalipi. Ingekuwa ile Fuso ya Usagara imemgonga mtu, sijui mimi leo ningekuwa naandika nikiwa wapi.

Mzee nilimfuata nyumbani kwake Jumapili, na kilo mbili za sukari, si kwa simu. Nilimpa karatasi aisome. Akavaa miwani, akasoma mara mbili, mke wake anasikiliza kutoka jikoni. Nikamweleza habari ya trafiki, kwamba nisingependa siku moja asimame Kisesa akunje mikono vile alivyonikunjia mimi, kwa sababu yule hatamnyima funguo tu. Hiyo ilimwingia. Kilevi chenyewe hatukukizungumzia. Kama usiku ule alikuwa amekunywa au alikuwa amenuna, anajua yeye na mke wake.

Akasaini, kwa masharti mawili. La kwanza, tusipimane mbele ya utingo na mama wa kuanika. Tupimane ndani ya kebini, mlango umefungwa. Nikaona ana haki, na ni kosa langu kutofikiria. La pili, tajiri apulize kwanza, kila siku atakayokuwepo. Nimekubali. Saa kumi alfajiri napanda kebini ya Fuso na khanga yangu, napuliza, namwonyesha, anabadilisha mrija, anapuliza, ananionyesha. Kisha anawasha gari.

Kwa hiyo hukumu. Kile kidogo cha Makoroboi: nyota moja, na hiyo ni kwa ajili ya tochi yake, inamulika vizuri. Kikubwa: nyota tatu na nusu. Ningekipa nne kama kingekuja na Kiswahili kwenye kitabu na kama kungekuwa na mtu wa kukirekebisha hapa mjini. Mkinunua, muulizeni muuzaji mambo haya kabla ya kutoa hela: sensa ni ya aina gani, akisema "ni ya kawaida," ondokeni. Mirija ya ziada ipo? Msishiriki mrija mmoja, hata kama mnakula sahani moja. Na kitufe cha kubadilisha kipimo kiko wapi, mkibandike selotepu kabla hamjafika nyumbani. Kwa anayeendesha gari lake mwenyewe tu, kisimpe ujasiri wa kupita na 0.07, 0.07 ya kifaa ambacho hakijahakikiwa inaweza kuwa 0.09 ya polisi.

Mfuko wa mirija 50 nimeupata kwa 18,000. Kwa madereva watatu pamoja na mimi, unakwisha chini ya wiki mbili.